Kwa Nini Daraja la Kirongwe Huitwa Daraja la Karatasi

Ninyi mliozaliwa mkakuta kamba zimetandazwa juu ya Korongo la Kirongwe mnadhani zilikuwapo tangu milima iumbwe. Hazikuwapo. Enzi za bibi wa bibi zetu, watu wa Kisindi walivuka chini kabisa, pale korongo linapobana kama shingo ya kibuyu, juu ya gogo moja la mvule. Walivuka kwenda Lumbwe, kile kipande cha ardhi nyeusi kilichokaa kati ya korongo na jabali. Huko kulikuwa na mashamba tu. Hakuna aliyejenga, na hakukuwa na njia nyingine ya kutokea.

Katika mji wa Kisindi aliishi mwanamke aliyeitwa Nakijwa. Kazi yake ilikuwa kutengeneza maua ya karatasi, mekundu ya harusi na meupe ya makaburi. Alinunua karatasi ya shashi kwa wachuuzi, ile nyepesi ambayo ukiishika mbele ya uso unaona vidole vyako upande wa pili. Watu walimpenda, ila hawakuihesabu kazi yake kuwa kazi. Walisema Nakijwa anacheza na karatasi.

Mwaka huo masika yalianza kwa hasira. Watu kumi na mmoja walikuwa wamevuka kwenda kupanda, na miongoni mwao alikuwamo Nanzia, mdogo wake Nakijwa, akiwa na mtoto wa miezi miwili mgongoni. Adhuhuri mto ulishuka na mawe na miti mizima, ukalizoa gogo, ukaifunika ile shingo ya korongo kwa maji yanayonguruma. Kilichobaki ni kutazamana kutoka juu, ukingo kwa ukingo, hatua mia moja za hewa tupu. Waliokwama Lumbwe hawakuwa na chakula ila mbegu walizokwenda kupanda.

Wanaume wa Kisindi hawakukaa bure. Walifunga uzi kwenye mshale. Uzi ukakatika kila upinde ulipofyatuka. Walifunga kamba, kamba ikauvuta mshale chini, ukaangukia majini. Walirusha mawe kwa kombeo mpaka mabega yakavimba. Kupiga kelele hakukusaidia, kwa maana mto ulimeza kila neno. Kila asubuhi Nanzia alisimama ukingoni, akamwinua mtoto juu kwa mikono miwili ili dada yake aone kuwa bado yuko hai.

Siku ya tatu mvua ilikatika. Alasiri upepo ukapanda kutoka bondeni, kama kawaida yake, ukavuma kuelekea Lumbwe. Nakijwa aliona jani kavu likinyanyuliwa miguuni pake, likavuka korongo lote bila kuanguka. Akageuka, akaenda nyumbani mbio.

Alikunja tiara ya shashi, kama zile watoto wanazorusha kwa upepo, akaifunga uzi wake wa maua. Tiara ikalegea kama jani la mgomba lililopitishwa motoni, ikarudi kumpiga usoni. Akaitia vijiti vya matete. Upepo ukaichana pale pale penye vijiti. Akachukua karatasi nene ya kufungia sukari, akaikunja vizuri, nayo ikashuka korongoni kama kuku aliyetupwa. Watu waliokuwa wakimtazama waliondoka mmoja mmoja.

Mzee Senkondo, mkuu wa mji, alimwendea kwa upole. "Mwanangu," alisema, "hii shashi yako tunaijua. Ni ya makaburini. Usituharakishie msiba."

"Baba," Nakijwa alijibu, "hata mkitaka kuwazika, mtawafikiaje?"

Mzee akarudi ukingoni.

Usiku ule Nakijwa hakulala. Shashi ilikuwa nyepesi lakini haikuwa na mifupa; karatasi nene ilikuwa na mifupa lakini haikuweza kuruka. Alijua kwamba uji wa muhogo ukikauka kwenye nguo huikaza. Basi alfajiri akapika uji mzito, akaupaka kwenye shashi, akaianika kwenye kamba ya nguo. Ilikauka imejikunjakunja kama sikio la mbuzi, na alipoikunja ikavunjika kwenye mkunjo.

Akapika tena. Safari hii alitia wanga kidogo na maji mengi, akaukoroga mpaka weupe ukaisha na uji ukawa wa kuonekana ndani, kisha akauchuja kwa kitambaa. Halafu akafanya jambo lililowafanya majirani waseme msiba umemshinda: aling'oa mlango wa nyumba yake, ule wa mbao laini, akaulaza uani. Juu yake akatandaza shashi moja, akaipaka ule uji mwepesi kwa manyoya ya kuku, toka katikati kwenda pembeni. Juu ya ile akalaza ya pili, akiigeuza ili ile ya juu ivutike upande ambao ya chini haivutiki. Akaifuata kwa kiganja, akitoa kila povu la hewa, akisugua bila haraka, kama mtu anayemkanda mgonjwa.

"Sasa tuikaushe kwa moto," Senkondo alisema, kwa sababu mawingu yalikuwa yameanza kurudi mlimani. "Mvua ikishuka leo, basi."

"Moto utaipinda, baba."

"Basi ibandue hivyo hivyo ilivyo!"

Nakijwa alikaa chini mbele ya mlango wake, mgongo kwa mlango na uso kwa watu. "Asiiguse mtu," alisema. "Wala mimi sitaigusa mpaka ikauke."

Asubuhi hiyo, siku ya nne, Nanzia alikuwa hajamwinua mtoto. Alikuwa amekaa tu. Nakijwa alikuwa ameliona hilo, na bado hakuigusa karatasi. Jua lilipopita utosini alipitisha kucha pembeni, na karatasi ikajibandua yenyewe kwa mlio mwembamba. Zilikuwa shashi mbili, lakini hakuna jicho lililoweza kuona zinapokutana. Aliigonga kwa kidole, ikalia kama ngoma ndogo. Akaikunja, na kila mkunjo ukakaa pale alipouweka.

Alasiri tiara ilinyanyuka. Ilitikisika juu ya maji, ikashuka kidogo, watu wakashika vichwa. Nakijwa aliuvuta uzi, akauachia, akauvuta tena, mpaka upepo ukaijaza. Ilipofika juu ya Lumbwe aliulegeza uzi wote, na tiara ikadondoka katikati ya shamba lisilo na mbegu. Aliyeinuka kuifuata ni Nanzia.

Kwa uzi ule wale wa Lumbwe walivuta kigwe, kwa kigwe wakavuta kamba, na kwa kamba ya kwanza wakavuta ya pili na ya tatu. Kikapu chenye kibuyu cha uji kilivuka kabla ya mtu yeyote. Mvua ilianza usiku, lakini ilikuta kamba zimekwisha kufungwa kwenye miti. Watu kumi walirudi Kisindi kwa mikono na miguu yao, mtoto akiwa amefungwa kifuani mwa mama yake. Wa kumi na mmoja, Bibi Namkunda, aliyekuwa akiwaachia wenzake fungu lake la mbegu, alirudi amebebwa, naye hakuamka. Nakijwa ndiye aliyemtengenezea maua. Senkondo alimshikia mkasi, wala hapakuwa na mtu tena wa kusema kwamba anacheza.

Na tangu siku hiyo daraja lile huitwa Daraja la Karatasi, ingawa ukilikagua lote hutaona hata kipande kimoja cha karatasi. Kila mwaka kabla ya masika, kamba zinapobadilishwa, mwanamke wa Kisindi hung'oa mlango, hubandika shashi mbili kwa uji wa muhogo, na hakuna anayeruhusiwa kumharakisha. Tiara ndiyo inayopeleka uzi wa kwanza. Vijana huuliza kwa nini mtu asiutie uzi mfukoni, akavuka nao juu ya kamba za zamani, kazi ikaisha. Nasi huwajibu kwamba siku ile hapakuwa na aliyeweza kuvuka ila karatasi.