Kiranja Akaa Nyuma

Kutangulia si kufika. Methali hii watu wengi huipenda kwa sababu mbaya. Mchelewaji wa kazini hujitetea kwayo, mwanafunzi aliyeshika mkia hujifariji kwayo, na fundi aliyeshindwa kumaliza nguo kwa wakati humrushia mteja kama jibu. La hasha! Wahenga hawakuwa wakiwasifu wavivu. Walikuwa wakimsema mtu anayedhani kwamba kukaa mbele ya wenzake ni sawa na kuufikia mwisho wa safari. Mtu wa aina hiyo namfahamu, na leo namsimulia kwa heshima zote, maana alikubali kufundishwa akiwa mtu mzima mwenye mvi, jambo linalowashinda wengi wetu.

Kazi yake ilikuwa kuhamisha vyombo vya watu. Alikuwa na lori kuukuu, wabebaji wachache na sauti iliyosikika kutoka ghorofa ya nne hadi barabarani. Mtaani walimwita Kiranja tangu utotoni, kwa kuwa hakuweza kukaa mahali bila kuwapanga watu foleni. Kwenye harusi ndiye aliyeelekeza magari pa kuegesha. Kwenye msiba ndiye aliyegawa viti. Akienda sokoni na mkewe, hutangulia hatua kumi kisha hugeuka na kuuliza, "Mbona unanichelewesha?" Mkewe, fundi cherehani mwenye ulimi mwepesi, alikuwa akisema kwamba mgongo wa mumewe anaujua kuliko uso wake.

Walijaliwa mtoto mmoja tu, binti, ambaye majirani walimpa jina la Chiriku kwa jinsi alivyopenda kuzungumza. Homa kali ilimpofusha akiwa mdogo. Hata hivyo alisoma, akakua, akapata kazi ya kupokea simu hospitalini, na kazi hiyo aliimudu vizuri ajabu, kwani alimtambua mpigaji kwa neno la kwanza. Lakini tangu homa ile, baba yake alimshika mkono na hakuuachia tena. Wakitoka, anamvuta. Wakivuka barabara, anamvuta. Hata ndani ya nyumba ambayo binti aliijua kila pembe, baba alimvuta mpaka kitini. Alifanya hivyo kwa mapenzi, tena mapenzi tele, lakini kuvutwa ni kuvutwa.

Kila mwaka mjini palifanyika mbio za hisani za kuchangia shule ya watoto wasioona, shule ileile aliyosoma Chiriku. Mkimbiaji asiyeona alikimbia na mwongozaji, mikono yao ikiunganishwa kwa kamba fupi. Mwaka uliopita Chiriku alikimbia na rafiki yake, muuguzi wa pale hospitalini. Walipokuwa wamekaribia kumaliza, misuli ya mguu ilimkaza muuguzi, akaanguka na kubebwa. Chiriku akabaki kando ya barabara na kamba mkononi, akiwasikiliza wenzake wakimpita na kushangiliwa kule mbele.

"Niliwasikia watu wakifika, Mama," alisema jioni ile, na kwa mara ya kwanza chiriku wa nyumba ile akakosa maneno. Baadaye akaongeza, "Mimi siku zote nimefikishwa. Nataka safari moja tu nifike."

Mwaka huu muuguzi alikuwa mjamzito. Ilibaki miezi michache kabla ya mbio, na bila mwongozaji Chiriku asingeruhusiwa kukimbia. Walikuwa wanakunywa chai alipoleta habari hiyo. Kiranja akaweka kikombe mezani kwa kishindo.

"Nitakimbia naye mimi."

Pembeni mkewe akasimamisha cherehani. "Wewe, Baba Chiriku?" mkewe akauliza. "Juzi ulikimbilia mwavuli ulipopeperushwa na upepo, ukalala siku mbili!"

"Mimi ninabeba friji peke yangu, mwanamke!"

"Friji haikimbii."

Chiriku alicheka mpaka chai ikampalia. Kisha akaunyoosha mkono wake juu ya meza, akautafuta wa baba yake. "Baba, kweli?"

"Nimeshasema," akajibu Kiranja. Na kwa Kiranja, kusema kulikuwa nusu ya kutenda.

Kesho yake alfajiri walianza. Kiranja alivaa bukta iliyombana kitambi na viatu vipya vilivyong'aa mno. Walipofunga kamba tu, alitimka kana kwamba amesikia nyumba yake inaungua. Chiriku akaburutwa nyuma yake huku akiita, "Baba, taratibu! Baba!" Hawakufika mbali. Kwenye kona ya duka la dawa Kiranja aliukumbatia ukuta, macho yamemtoka, pumzi inamwenda mbio kuliko miguu.

Kinyozi aliyekuwa anafungua kibanda chake akaita kutoka ng'ambo, "Kiranja! Mwizi kapita huku, umempotezea wapi?"

"Funga domo," Kiranja alitaka kusema, ila hata pumzi ya kutukana hakuwa nayo.

Wangapi wangerudi tena baada ya aibu ile? Yeye alirudi. Alirudi na kesho yake, na keshokutwa yake, magoti yakilalamika na kinyozi akitania. Mtu aliyezoea kuamrisha mtaa mzima alikubali mtaa mzima umwone anahema. Siku zilivyosonga, kitambi kikaanza kunywea, na akaweza kuzunguka uwanja wa shule bila kusimama. Jasho la mtu yule, jamani, lilistahili kusifiwa.

Tatizo lilibaki moja: hakuacha kuvuta. Kadiri pumzi zilivyoongezeka ndivyo alivyozidi kutangulia, na mkono wa Chiriku ulirudi nyumbani na alama ya kamba. Asubuhi moja walikuwa barabarani, Kiranja mbele kama kawaida, akaliona tuta, akaliruka. Akasahau kusema. Chiriku akajikwaa, akaanguka kifudifudi, viganja na magoti yakachubuka.

"Mama! Mama yangu!" Kiranja alipiga magoti, akimpangusa vumbi. Alizoea kumwita binti yake hivyo. "Umeumia? Pole, pole sana. Hili tuta hili!"

"Tuta halina kosa, Baba. Umenivuta."

"Nilikuwa nakuonyesha njia."

"Mimi sionyeshwi njia, naelezwa." Chiriku alikaa palepale chini, sauti yake tulivu, na utulivu ule ulimuumiza baba kuliko kelele. "Mwongozaji haruhusiwi kuvuta. Na tukifika mwisho wewe ukavuka mstari kabla yangu, hatuhesabiwi. Itakuwa kama hatukukimbia kabisa. Nilikwambia tangu mwanzo, ukasema umesikia."

"Sasa mimi baba yako nikuache ukae mbele, ukiingia shimoni?"

"Baba, wewe uko mbele tangu nilipokuwa mdogo. Mimi nitafika lini?"

Kiranja alizoea maswali ya kabati lipite mlango gani. Chiriku akafungua kamba, akaikunja kiganjani. "Bora nisikimbie kuliko kukokotwa," akasema. Walirudi nyumbani wakitembea, na safari hiyo binti alikataa kushikwa mkono.

Siku ile Kiranja alikwenda kazini na uso uliojikunja. Kulikuwa na kabati la milango ya vioo la kushushwa kutoka ghorofa ya tatu, mali ya mwalimu mstaafu aliyekuwa akilifuata kila hatua na kusema, "Polepole, wanangu, hilo nililinunua kwa mshahara wangu wa kwanza." Mbebaji mmoja alikuwa mgeni kazini, mtu mzima mwenye ndevu na haraka nyingi, waliyempa jina la Msumari kwa wembamba wake. Msumari alitangulia chini, Kiranja akashika juu. Walipofika kwenye kona ya ngazi, Msumari akaanza kulivuta kabati ili wamalize upesi. Kabati likamburuta Kiranja ngazi mbili, vioo vikalia.

"Usinivute, wewe!" Kiranja akanguruma. "Nani kakufundisha kazi? Wa mbele havuti! Wa mbele anasema! Sema ngazi, sema kona, sema ukuta. Mwendo anao mwenye mzigo!"

Maneno yalimtoka, kisha yakamrudia. Akasimama palepale katikati ya ngazi, kabati mikononi, mdomo wazi.

"Bosi, kuna nini?" Msumari akauliza kwa hofu.

"Nyamaza kidogo."

"Kabati langu!" mwalimu mstaafu akalia kutoka juu.

"Liko salama, Mwalimu," alijibu Kiranja, na macho yake yalikuwa yamelowa. Kwa miaka yote ile aliwafundisha watu kubeba vitanda na makochi bila kuvutana, halafu akaenda nyumbani na kumvuta mwanawe. Aibu ilimshika mpaka masikioni.

Jioni alimkuta Chiriku sebuleni akipakwa dawa magotini na mama yake. Kuna akina baba ambao husema samahani kwa kununua kitu. Kiranja hakununua kitu. Alivuta kigoda, akakaa chini kuliko binti yake.

"Mama, nimekukosea. Si leo tu, siku nyingi. Niliogopa kukupoteza ndiyo maana nikakukokota. Nisamehe."

Mkewe aliacha pamba hewani. Tangu waoane hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka katika kinywa kile.

"Mwendo uwe wako," Kiranja akaendelea. "Mimi nitasema tu. Kushusha kabati la vioo ghorofa tatu naweza, nitashindwaje kukimbia na mwanangu?"

"Kwa hiyo mimi ni kabati?" Chiriku akauliza, lakini tabasamu lilikuwa limekwisha kumponyoka.

"Tena la vioo."

"Na wewe ni mkokoteni," mkewe akamalizia, na wote watatu wakaangua kicheko.

Tangu hapo mambo yakageuka. Kiranja alikimbia ubavuni mwa Chiriku, bega lake nyuma kidogo ya bega la binti, kamba ikining'inia bila kukazwa. Alisema bila kuchoka: "Tuta, hatua tatu. Mbili. Moja. Inua!" "Kona ya kushoto, pana." "Baiskeli inakuja, imepita." Naye Chiriku akamfundisha baba yake kupumua, kwani masikio yake yaliisikia pumzi ikiharibika kabla mwenyewe hajajua. "Baba, unahema kwa kifua. Shusha tumboni. Hivyo, hivyo." Na Kiranja, ambaye hakuwahi kumtii hata askari wa barabarani bila kubishana, alitii. Kinyozi alipoona utani hauna tena pa kushika, akajiandikisha kukimbia yeye pia.

Siku ya mbio ikawadia. Barabara ilijaa watu wa kila umri. Baragumu lilipolia, umati ulimiminika kwa kasi, na kinyozi akawapita akiruka kama ndama. "Kiranja! Leo uko mkiani!"

Mkono wa Kiranja ukakaza kamba. Mazoea ni kama ngozi, hayavuliwi kwa siku moja. "Baba," Chiriku akasema tu. Kamba ikalegea.

Wakaenda kwa mwendo wa binti. Walipofika kwenye mteremko wa pili walimkuta kinyozi ameketi ukingoni mwa barabara, kiatu kimoja mkononi, anajikanda unyayo na kuomba maji. Kiranja alitamani kumwambia neno, na neno alikuwa nalo, lakini aliihifadhi pumzi yake.

Kisha kikaja kilima cha mwisho. Hapo Kiranja alihisi kichomi chini ya mbavu, kikali kama ncha ya bisibisi. Alimkumbuka muuguzi. Alimwona mwanawe amesimama tena kando ya barabara akiwasikiliza wengine wakifika, na woga ukampanda. Kiranja wa zamani angeuma meno, angejifanya simba, na angeanguka mbele kidogo, akiiangusha na ndoto ya binti yake.

"Mama," alisema, na kusema huko kulimgharimu kuliko kilima, "nimechoka. Mbavu zinanichoma. Nisipopunguza nitaanguka."

"Basi tutembee," Chiriku akajibu bila kusita. "Pumua na mimi. Ingiza. Toa. Wewe nieleze tu njia."

Wakatembea. Watu waliwapita, wazee kwa watoto, hata mama mmoja aliyekuwa anasukuma kigari cha mtoto. Kiranja aliwatazama wote wakipita na hakuona uchungu. "Jiwe kulia," alisema. "Sasa tambarare. Mbele naona bendera." Kichomi kikayeyuka taratibu. Chiriku alipoisikia pumzi ya baba yake imetulia, akauliza, "Twende?"

"Twende, mwanangu."

Wakakimbia. Pande zote watu walipiga makofi, na miongoni mwao mama alikuwa akipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka. Utepe wa mwisho, ulionyooshwa upya kwa kila mkimbiaji asiyeona, ulikuwa wazi mbele ya macho ya Kiranja, na miguu yake, ile miguu iliyozoea kutangulia, ilimwomba ruhusa mara moja tu, mara ya mwisho. Akainyima. Akarudi nyuma kadiri kamba ilivyoruhusu.

"Iko wapi, Baba?"

"Mbele yako, moja kwa moja. Hakuna tuta, hakuna kona, hakuna mtu. Njia yote ni yako."

Chiriku akainua kidevu, akaachia miguu yake kama mtu anayeona. Utepe ukamgusa kifuani, ukakatika. Alisimama, mikono imening'inia, akisikiliza. Zile kelele alizozisikia mwaka jana kwa mbali sasa zilikuwa zinamzunguka yeye, zikiita jina lake.

"Ndio hapa?" akanong'ona.

"Ndio hapa, Mama. Umefika."

Akageuka, akamkumbatia baba yake kwa nguvu, akilia na kucheka kwa pamoja. "Na wewe, Baba?"

Kiranja akamfuta machozi kwanza. Alikuwa amewatangulia watu maisha yake yote, sokoni, harusini na misibani, na hakukumbuka hata siku moja ambayo mtu alimngoja mwisho wa safari kwa mikono miwili. Leo, hatua moja nyuma ya mwanawe, alikuwa amengojewa.

"Hata mimi nimefika," akasema hatimaye, "na ni mara yangu ya kwanza."

Wahenga hawakukosea: kutangulia si kufika.