Kibuyu Kilichobaki Moshini

Je, wewe unayesikiliza, umewahi kuamka asubuhi ukakuta figa moja halipo jikoni? Hukuibiwa sufuria wala kuku. Kimeondolewa kitu kimoja tu, jiwe jeusi la masizi ambalo hakuna mwizi wa kulitamani. Lakini mafiga ni matatu, na chungu hakikai juu ya mawili. Ukiona hivyo, ujue mtu wa nyumba yako amekuambia neno zito bila kufungua kinywa.

Wahenga walisema Mungu hamtupi mja wake. Maana yake ni kwamba binadamu anaweza kusengenywa na majirani, akatengwa na ndugu, akasahauliwa hata na mawingu, ila aliyemuumba hamwachi njiani. Ni maneno mepesi kutamka ukiwa umeshiba. Wankyo aliyapima kwa tumbo tupu.

Wankyo alikuwa mjane wa makamo mwenye mwendo wa taratibu. Aliishi Butiama, chini ya kilima ambacho mawe yake yamepandana kama ng'ombe waliolala wakicheua. Ukipanda juu asubuhi ukungu ukiwa haujatanda, uliliona ziwa mbali sana, mstari mwembamba wa fedha, kama uzi uliosahauliwa na fundi kwenye upindo wa mbingu. Alizaliwa Kabasa, Bunda, akaolewa na Mniko, mtu wa ng'ombe na pamba. Hawakujaaliwa mtoto. Mniko alipofariki akazikwa pembeni mwa boma, penye ua wa minyaa, wakabaki wanawake wawili: Wankyo na mama mkwe wake, Bhoke. Walipika jiko moja, wakala sinia moja, na jioni walikaa kimya juu ya gozi la ng'ombe wakiangalia njia aliyokuwa akirudia Mniko.

Pasaka iliyofuata Wankyo akabatizwa, akaitwa Agness. Aliporudi kutoka kanisani, nywele bado zina maji, alimkuta Bhoke anabangua karanga.

"Hayo maji yenyewe yalikuwa ya baridi?" Bhoke akauliza bila kuinua macho.

"Ya baridi, mama."

"Haya. Usije ukaugua."

Hawakuzungumza zaidi. Wankyo akadhani yamekwisha. Hakujua kwamba kimya kingine ni kama jipu, huiva ndani.

Katika kitongoji kile, vuli inapokaribia, kila nyumba hupeleka kibuyu cha mbegu za ulezi kwa mzee wa mvua. Vibuyu hulala kwake siku tatu, vikapakwa dawa, ndipo watu hupanda. Kikikosekana hata kimoja, vyote husubiri. Mwezi wa tisa ulipofika, Wankyo alikitazama kibuyu cha Mniko kilichoning'inia juu ya jiko, kimejaa ulezi wa mavuno yake ya mwisho. Akakiacha palepale moshini.

Siku ya pili akaja shemeji yake, Makongoro, mdogo wa marehemu, mtu mwenye sauti ya kuswaga ng'ombe.

"Shemeji, kibuyu kiko wapi? Tumepanga vyote pale kwa mzee, cha nyumba ya Mniko tu ndicho kinachongojwa."

"Mwaka huu mbegu zangu nitaziombea mwenyewe, shemeji."

"Utaziombea! Na zangu je? Mvua hainyeshagi kwenye shamba la mtu mmoja kama maji ya ndoo."

"Zako nazo nitaziombea."

Makongoro akacheka, lakini kicheko chake hakikufika machoni. Bhoke alikuwa mlangoni, akayasikia yote. Kesho yake alfajiri figa moja halikuwepo. Wankyo aliona moshi mwembamba ukipanda nyuma ya kibanda cha mama mkwe, akaelewa. Aliokota kipande cha tofali, akakiegemeza mahali pa figa, chungu kikakaa upande upande kama mlevi.

Mvua haikuja. Mwezi wa kumi ukapita, wa kumi na moja ukaingia. Redio ya Makongoro ilisema mvua zitakuwa chini ya wastani, lakini watu hawakuilaumu redio, walikilaumu kibuyu. Vumbi jeupe liliteremka kilimani mchana, likatua juu ya kila kitu taratibu, hata boma zima likaonekana kama kitu kinachokumbukwa na mtu aliye mbali. Wale waliopeleka vibuyu wakavirudisha nyumbani bila dawa, kwa kuwa kimoja kilipungua. Kisimani wanawake walinyamaza Wankyo alipofika. Mmoja akamwambia, "Pita mbele, Agness. Labda wewe ukiteka yatabubujika." Wote wakaangua kicheko.

Kisha ukoo ukakaa kikao, na Makongoro akatumwa.

"Sikiliza, shemeji. Mwaka ukiisha bila mvua, utapanda basi urudi kwa kaka yako Kabasa. Huna mtoto wa kukushikilia hapa. Kaburi la Mniko tutalipalilia sisi."

Neno hilo la mwisho lilimchoma kuliko yote. Shamba lingeweza kusahaulika. Lakini kuliacha kaburi lile, na kumwacha yule mama mwenye mgongo uliopinda akichochea moto wake peke yake, Wankyo hakuweza hata kuliwaza. Akaenda kwa katekista Stanislausi, fundi baiskeli, akamkuta anaziba pancha.

"Katekista, mlinifundisha kwamba Mungu ni Baba."

"Ndivyo, mama."

"Ni baba gani huyo, mtoto akiomba maji anamtazama tu?"

Stanislausi akaizungusha tairi, akaisimamisha, akaizungusha tena. "Agness, ningekuwa na jibu ningelianza kulitumia kwangu. Mihogo yangu imekuwa kuni. Majilio yanakaribia, kipindi cha kungoja Krismasi. Basi nangoja."

"Mpaka lini?"

"Hapo ndipo na mimi sijui."

Alikuwa ametarajia neno la kumtuliza, akapewa mwenzake wa kungoja. Ajabu ni kwamba alirudi nyumbani mzigo umepungua kidogo. Akapiga magoti mbele ya mafiga yake mawili na tofali, akasali kwa maneno yake mwenyewe: "Bwana, mimi ni mgeni kwako. Desturi za nyumba yako sijazijua zote. Lakini kwetu mgeni hupewa maji kwanza, ndipo huulizwa habari. Nimekaa kizingitini. Sibanduki."

Siku moja njaa ilimzidi. Alikishusha kile kibuyu, akafungua kizibo cha gunzi, harufu ya moshi na ya mikono ya Mniko ikamjia usoni. Ulezi ule ungetosha uji wa wiki mbili. Akakipakata kibuyu mapajani, usingizi wa mchana ukamchukua. Akaota ziwa limeondoka mahali pake. Lilikuja likipanda kilima polepole, bila kelele, kama ng'ombe anayejua njia ya kwao. Likapita kwenye ua wa minyaa, likasimama mlangoni, likainamisha kichwa likanywa katika bakuli lake, kisha likamtazama kwa macho ya upole, kana kwamba limetumwa na linasubiri kuambiwa pa kulala. Alipoamka, shavu lake lilikuwa na alama ya kibuyu. Hakujua ndoto ile maana yake nini. Alikifunga, akakirudisha moshini, akasema, "Kama ziwa limekuja kwangu, na mimi nitalifuata."

Akaenda Musoma, kwenye mwalo wa Mwigobero wanakotia nanga wavuvi, kwa Euphrasia, mama yake wa ubatizo, mwanamke mnene mwenye maneno mengi aliyeanika na kuuza dagaa. Kuanzia siku hiyo Wankyo aliinama mchangani kutoka Jumatatu hadi Ijumaa, akitandaza dagaa wadogo, mamia kwa maelfu, mpaka ufuko wote ukang'aa kama ziwa la pili lililojilaza kuota jua.

"Mwenzangu," Euphrasia alimwambia, "sisi huku tunaombaga jua ili dagaa wakauke. Wewe unaomba mvua. Tukisali pamoja, Mungu atatuelewa kweli?"

"Atachagua mwenyewe."

"Achague baada ya Ijumaa, nikishafunga magunia!"

Kila Jumamosi Wankyo alirudi Butiama na fungu lake. Nusu alikula, nusu aliitia katika bakuli akaiweka kizingitini kwa Bhoke. Jioni bakuli lilirudi limeoshwa, likiwa tupu. Nanyi mnajua, chombo cha mwenzako hakirudishwi kitupu. Hata chembe ya chumvi utaitia. Wankyo alilitazama bakuli lile tupu kila wiki, akameza uchungu wake, na wiki iliyofuata akalijaza tena. Kwa hao dagaa aliishi, na kibuyu hakikuguswa.

Ijumaa moja kabla ya Krismasi, wadudu wa ziwani walipanda juu ya maji kama moshi wa moto usioonekana. Upepo ukanyamaza. Ziwa likawa kama limebana pumzi. Tone la kwanza lilimdondokea Wankyo nyuma ya kiganja, taratibu, kama mtu anayekugusa ili kukuita. La pili likaanguka begani.

"Anueni! Anueni!" Ufuko mzima ukalipuka. Wanawake wakakusanya dagaa kwa mabeseni, kwa kanga, kwa mikono. Wankyo alisimama katikati yao, uso juu, kinywa wazi.

"Agness! Dagaa wako wanalowa!"

Hakusikia. Euphrasia alimfikia, kanga imemgandia mwilini, akataka kumfokea, kisha akamwona anavyolia.

"Nenda nyumbani," akasema. "Hawa waliolowa watakuwa chakula cha kuku. Haya, nenda, mchawi wa mvua wewe!"

Alifika Butiama barabara ikitiririka maji mekundu. Alitarajia kusikia vigelegele. Akakuta watu wamesimama mashambani na majembe yao, wamelowa, wametulia kama vinyago. Ardhi ilikuwa tayari, nyeusi, laini, inanukia. Hakuna aliyeinama.

"Mbona hampandi?" akamuuliza Makongoro.

Ile sauti ya kuswaga ng'ombe ilikuwa imemwishia. "Tupande nini, shemeji? Tuliambiwa tusubiri, tukasubiri. Watoto wakalia, mbegu tukazila." Akakigeuza kibuyu chake juu chini; halikudondoka hata vumbi. "Nyumba zote ni hivi."

Kwa miezi mitatu Wankyo alikuwa ameandaa maneno ya siku kama ile, makali, yamenolewa pande zote. Yalimfika ulimini. Akamwona Makongoro bado amekishika kibuyu kitupu juu chini, akayameza. Aliingia ndani, akakishusha kibuyu cha Mniko. Moshi wa mwaka mzima ulikuwa umekipaka rangi ya usiku, na hakukuwa na mdudu hata mmoja. Angepeleka mbegu zile kwa mzee, zote zingepakwa dawa, zikapandwa kwenye vumbi la mwezi wa kumi, zikafia humo. Alilitambua hilo akiwa ameshika kizibo, akakifungua.

Ulezi ni mbegu ndogo kama mchanga. Konzi moja huenda mbali. Akapima kwa lile bakuli, nyumba kwa nyumba. Yule mama wa kisimani alipokea kwa mikono miwili, akasema kwa sauti ndogo, "Nilikuwaga nakucheka." Wankyo akamjibu, "Wahi kupanda, mama, udongo usikauke." Makongoro alipokea wa mwisho. Habari za Kabasa hakuzitaja tena, siku ile wala siku nyingine. Bhoke peke yake hakuja.

Jua lilipoinamia upande wa ziwa, mvua ikawa manyunyu membamba, kilima kikaelea ndani ya ukungu. Wankyo alikuwa amechutama akiwasha moto aliposikia hatua. Bhoke alisimama mlangoni, amelowa, amekumbatia kitu kifuani kama anayembeba mtoto mchanga. Lilikuwa lile figa.

"Mama, mbegu zako nimekutengea."

"Sikufuata mbegu." Akainama kwa shida, akakisukuma pembeni kipande cha tofali, akaliweka jiwe mahali pake. Chungu kikakaa sawa. Akabaki amechutama palepale, viganja juu ya jiwe. "Bakuli lako nilikuwa nalirudisha tupu. Sikuwa na hata chumvi, nikaona haya kusema."

"Hukuwa na haja ya kutia kitu, mama. Lakini figa uliondoa la nini?"

Bhoke akapanga kuni kati ya mafiga. "Ulipobatizwa nikasema, huyu sasa amepata watu wake wa mjini, ataondoka. Nikaona heri nikuache mimi kwanza kuliko kuamka nikute jiko limepoa."

"Ungeniambia tu."

"Mama mkwe anasemaga hivyo kwa mke wa mwanawe?"

"Sema sasa. Tuko wawili tu."

Mwali wa kwanza ukashika kuni, ukaziangazia nyuso za wote wawili. Bhoke akaushika mkono wa Wankyo, ukiwa bado na harufu ya ziwa na ya dagaa.

"Mungu wako mimi simjui," akasema, "lakini nimemwona kila Jumamosi kwenye lile bakuli: ni kweli, hamtupi mja wake. Na mimi, tangu tumzike Mniko, nilichotaka ni kimoja tu, mwanangu: na wewe usinitupe."