Dole Gumba la Bibi Umaima

Wamesimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi zaidi, kwamba katika mji mmoja wa Sham uliosifika kwa tini palikuwa na mja mwema akiitwa Bibi Umaima, aliyefanya kazi katika banda la Bwana Nuuman. Kazi yenyewe ilitaka mkono mwepesi. Wanawake walikaa mkekani wakizichambua tini zilizochumwa alfajiri: nzima zilipangwa juu ya majani kwenda sokoni, zilizopasuka zikaanikwa, na zilizobonyea, ambazo zisingefika jioni bila kuchacha, zilikuwa haki ya mchambuaji. Ndiyo desturi waliyoikuta.

Bibi Umaima alikuwa na mama mgonjwa, Bi Lubaba, ambaye koo lake lilikataa kila kitu isipokuwa tini laini iliyopondwa katika maziwa. Ujira ulitolewa mwisho wa msimu. Hivyo zile zilizobonyea ndizo zilizoishikilia roho ya mama yule.

Siku moja akaona kikapu chake cha nyumbani kinajaa upesi kuliko zamani, ilhali miti ni ileile na wachumaji ni walewale. Akaitazama tini aliyoishika. Ilikuwa nzima, ila ubavuni palikuwa na alama mbichi ya dole gumba, na dole lenyewe lilikuwa bado limekaa hapo. Akajiuliza, "Nimekusudia?" Nafsi ikajibu "La!" kwa haraka mno, na haraka ile ndiyo iliyomtia hofu. Nafsi ni wakili hodari, hasa inapojitetea yenyewe.

Akainuka, akamwendea Bwana Nuuman mbele ya watu.

"Bwana wangu, tangu leo tini zitakazobonyea mkononi mwangu mpe Raihana."

Banda zima likaangua kicheko, maana Raihana, mchambuaji mwenzake, na Umaima walikuwa hawajasalimiana tangu mwaka juzi, kwa ugomvi wa kuku.

"Kwa nini yeye?" akauliza Bwana Nuuman.

"Kwa sababu sina hamu hata kidogo ya kumnufaisha. Mkono wangu utakuwa mwepesi."

Bwana Nuuman, aliyekuwa mcha Mungu, akatikisa kichwa. "Dada yangu, umekimbia dhambi moja ukaegemea nyingine. Lakini na iwe utakavyo. Mungu atakutengenezea iliyobaki."

Ikawa hivyo. Tini za Umaima zikatoka nzima karibu zote, na kikapu cha nyumbani kikawa kitupu. Akampikia mama uji wa shayiri. Mama akaugeuzia uso ukutani. Umaima akalia, na nani asingelia? Mkono ukayatamani mazoea yake. Hakuuruhusu. "Subira, mama," akasema, na yeye mwenyewe ndiye aliyeihitaji zaidi.

Alasiri moja hodi ikapigwa. Alikuwa Raihana, uso ameukunja, kikapu kidogo mkononi.

"Hizi ndizo zako za leo," akasema. "Chache, na kila moja imeumia kwa kudra ya Mungu. Zangu mimi zimejaa kikapu, na tangu uliposema maneno yale naogopa kuzila." Akamsukumia kikapu. "Mpe mama."

Umaima akamkumbatia, wakalia pamoja, na habari ya kuku ikasamehewa. Kisha ghafla akajitoa kifuani mwa mwenzake. "Sasa nitafanyaje? Nimeshakupenda. Mkono utakuwa mzito kwa ajili yako!"

"Basi kesho twende kwa Bwana Nuuman, zangu na zako ziwe za wapita njia."

"Na mama?"

"Wee Umaima! Mungu aliyeweza kunileta mimi mlangoni kwako, mimi niliyeapa sitakikanyaga kizingiti hiki, atashindwa na tini?"

Kitandani Bi Lubaba akacheka, kisha akafungua kinywa alishwe.

Ndugu zangu, haramu haiji kila mara kwa kishindo. Huenda ikawa uzito mdogo tu wa mkono, pale penye haja ya kweli. Mwenye kuujua udhaifu wake na auseme mapema, wala asidhani kwamba ukweli utamwua kwa njaa. Mola atujaalie mikono myepesi na nyoyo zinazosameheana.