Nani Alimvua Shani Mchuchumio?

Sogeeni. Wenye majibu ya haraka wakae nyuma.

Katika jengo moja mjini Tanga walikuwamo wanawake watatu, kila mmoja na kipaji chake. Siwema alikuwa na mkono: ukipita dirishani mara moja tu, anakuchora mpaka mwendo wako. Tabia alikuwa na ulimi: akikujibu asubuhi, jioni bado unatafuta la kumrudishia. Bi Kibibi, fundi cherehani wa chini, alikuwa na jicho: akikutazama anajua kipimo cha kiuno chako, na kile unachodanganya watu pia.

Siwema alichora na Tabia aliandika maneno ghorofani, kwenye jarida la katuni la Bwana Mshindo. Shujaa wake, Jabali, alikuwa na ngumi, akili, pikipiki na koti lenye mifuko. Shani, mwenzake, alikuwa na gauni. Kila toleo alikimbia na viatu vya mchuchumio, akaanguka kwa madaha, akalia, "Jabali, niokoe!" Siwema alimchora hivyo miaka nenda rudi, kiuno kama shingo ya chupa, na jaladani likakaa jina la Bwana Mshindo, ambaye hata kuchora duara kunamshinda.

Siku moja bosi akatangaza kwamba wasomaji wamemchoka Shani. Toleo lijalo ataliwa na mamba. Siwema aliona kama anaambiwa amzike mdogo wake.

Basi akamchora upya. Akampa raba, suruali yenye mifuko, na kifua chenye nafasi ya mapafu. Bwana Mshindo akaitazama picha, akasema huyu si Shani, huyu ni fundi bomba. Shani ni gauni lile, na akiwa ndani yake mwanamke anaweza kufanya kazi yoyote.

Bi Kibibi alikuwa mlangoni, ameleta suruali ya bosi iliyopunguzwa. Akaomba picha ya zamani, akashuka nayo, akalishona gauni vilevile lilivyochorwa, ila kwa mabega ya Bwana Mshindo. Akalipandisha pamoja na viatu vya mchuchumio.

"Umesema linafaa kwa kazi yoyote, baba. Hebu livae, ushuke nalo ukatuletee maandazi."

Ofisi nzima ilikuwa inatazama. Bwana Mshindo akalivaa juu ya suruali yake, na viatu akavitia. Katikati ya ngazi akakwama, kupanda hawezi, kushuka hawezi, kashikilia ukuta.

"Siwema," akaita kwa sauti ndogo, "niokoe."

Shani akapewa toleo moja la kujaribiwa. Lakini suruali haisemi. Tabia akamtumbukiza Jabali kwenye shimo la mamba, akamweka Shani juu na kamba, akamwandikia: "Kamata, Jabali. Ukifika huku, chai unapika wewe." Jarida likaisha sokoni siku ileile. Saluni zote zikawa zinasema hivyo, na nasikia baadhi ya waume walipika.

Bwana Mshindo, mgongo bado unamuuma, akaliondoa jina lake jaladani. Ila jalada, akasema, lina nafasi ya jina moja tu chini ya Shani, maana kichwa cha Jabali kimejaza kwingine kote. Siwema aandike, wao watatu wakishaelewana.

"Bila mimi mngekuwa na bubu aliyevaa raba," Tabia akasema.

"Bila mimi," akasema Bi Kibibi, "mngekuwa na mamba aliyeshiba. Na mimi sikumchora kile kiuno, wala sikumwandikia zile niokoe zote."

"Kushona umeshona mara moja, shoga," Tabia akamjibu. "Sisi tumeishi naye."

Siwema akaichukua kalamu. Bila mkono wake hapakuwa na Shani wa kuokolewa. Na kile kiuno, kweli, ni cha mkono huohuo. Miaka yote hiyo hajawahi kuliona jina lake jaladani.

Kalamu anayo, wino umeshaanza kukauka, na ghorofani wote wanamtazama. Haya, nanyi mlio nyuma sasa semeni: kalamu ingekuwa mkononi mwako, ungeandika jina la nani?