Jina Lililoapiwa Kwenye Treni

Hapo zamani, tena zamani ya juzijuzi tu, maana wengine wenu mlikula pilau ya harusi yao, palikuwa na Khatibu na Mwanaidi wa Tanga. Mume anampenda mke, mke anampenda mume, mpaka majirani wanasonya. Mimba ya Mwanaidi ilipofika miezi mitano, Khatibu akasema, "Mke wangu, kabla mtoto hajatufunga miguu, twende Ulaya tukatembee." Wakaenda, kwa treni. Leo mji huu wanapiga picha makanisa, kesho mji ule wanapiga picha njiwa.

Lakini Mwanaidi ana mkwe, Bi Mwanakheri. Huyo kila asubuhi lazima apigiwe simu. Asipopigiwa, mtaa mzima utajua. Mwanaidi akapiga, akapiga, mpaka namba ikamganda kichwani.

Basi siku hiyo wako njiani, milima myeupe dirishani, Khatibu kasinzia. Mwanaidi akasikia harufu. Achari! Na mimba mnaijua. Simu akaiacha kitini, akaifuata harufu, behewa la kwanza, la pili, la tatu. Akamkuta bibi wa Kizungu na kopo la matango ya siki. Bibi akamtazama uso, akamtazama tumbo, akacheka, akampa uma. Jina lake Rosalia. Wakala.

Sasa treni ile ina mambo yake. Ikifika kituo fulani hukatwa vipande viwili: cha mbele kinakwenda Italia, cha nyuma Austria. Walitangaza, tena walitangaza sana, kwa lugha zao. Mwanaidi yuko mbele anatafuna. Khatibu yuko nyuma anakoroma.

Mwanaidi kuja kurudi, behewa la mumewe halipo. Reli tupu.

Akalia. Namba ya mumewe haijui. Nani siku hizi anaijua namba ya mumewe? Duniani anajua namba moja tu. Rosalia akampa simu yake.

"Mama, nimepotea."

"Unapoteaje na mume unaye?" Bi Mwanakheri yuko jikoni, vitumbua vinaungua, hata havitazami. "Acha kulia, unamliza mjukuu wangu! Shuka kituo kinachofuata, nisomee bango lake, kisha usisogee."

Rosalia alikuwa anakwenda kwenye ubatizo wa kitukuu chake. Akashuka na Mwanaidi, akamvika koti lake mwenyewe. Ubatizo ukampita.

Huku Bi Mwanakheri kampigia mwanawe. "Mkeo yuko wapi?"

"Si huyu hapa..." Khatibu akapapasa kiti.

"Yuko njia ya Italia, bwege wee! Kituo kanisomea bangoni, andika jina lake!"

Khatibu akapiga ukelele. "Mama, wallahi, atakayenirudishia mke wangu, mwanangu ataitwa jina lake!"

Mkagua tiketi, mwanamke aitwaye Hedwiga, akaja mbio akidhani mtu kafa. Khatibu akamwonyesha picha ya harusi, akamwonyesha kwa kidole kilikokwenda kipande cha Italia. Kituo kilichofuata, treni ya kurudi, ya mwisho siku ile, ilikuwa inafunga milango. Hedwiga akatia mguu mlangoni. Hakuutoa mpaka Khatibu alipopanda na masanduku yote manne. Treni ikachelewa dakika nne, na kwao hiyo ni fedheha. Wakubwa wake wakamsimamisha kazi mwezi mzima.

Khatibu akarudi mpaka treni ilipokatwa, akapanda ya Italia, akamkuta mkewe kwenye benchi na Rosalia. Toka hapo hadi Tanga hawakuachiana mikono.

Mtoto akazaliwa, msichana. Siku ya saba Shekhe kakaa, anauliza jina.

"Mwanakheri," akasema Bi Mwanakheri. "Bila namba yangu mngekuwa mnatafutana mpaka leo."

"Hedwiga," akasema Khatibu. "Mama, bila mguu wa yule dada ningelala Austria."

"Mguu! Shekhe, hilo jina utaliweza?"

Shekhe akakohoa.

Mwanaidi akamvuta mtoto kifuani. Alikumbuka baridi ile, na mkono wa bibi ukimsugua mgongo saa tatu nzima, na lugha hawaelewani. "Aliyepotea ni mimi," akasema. "Nyie wote mlikuwa mbali. Aliyekaa nami ni Rosalia."

"Na namba uliipata wapi?" mkwe akauliza.

"Kwako, mama."

"Haya!"

Kiapo ni kimoja, mtoto ni mmoja. Shekhe kamwinamia Mwanaidi, kamtegea sikio amnong'oneze yeye, maana mwenye uchungu ni mama. Jamani, ungekuwa wewe Mwanaidi, na hao wote wanakukodolea macho, ungemtajia nani? Je, nani alistahili kuwa somo wa yule mtoto?