Honi ya Milio Saba

Honi haisimamishi gari. Mmeisikia methali hiyo leo mkutanoni, mwenyekiti alipojitetea kwamba habari ya daraja bovu ameitangaza mara tatu kwa kipaza sauti, na Mama Shemboza akamjibu kwa maneno hayo matatu. Ninyi mkacheka. Sasa mnaniuliza ilitoka wapi. Haikutoka kwa wahenga wa zama za kale, ilitoka hapa hapa Kwembughu, na aliyeisababisha yu hai. Anayetaka kucheka acheke sasa, maana mbele hakuna nafasi.

Mambo yalikuwa hivi. Bi Zaina alikuwa mjane mwenye mtoto mmoja tu, Abedi. Abedi alipotimiza miaka kumi na tisa, leseni yake ikiwa ya juzi, mama yake aliuza ng'ombe wa maziwa na kipande cha shamba la bondeni. Wakanunua lori dogo la dizeli lililokwisha kutumika miaka mingi mikononi mwa watu wengine. Lilikuwa kuukuu, lakini injini ilikuwa nzima, na Abedi alilipenda hadi akalala ndani yake juma zima la kwanza.

Enzi hizo hapakuwa na simu za kuitana. Kila lori lilijulikana kwa honi yake. Likiwa bado juu kilimani, dereva anabonyeza, na wanawake huko mashambani wanajua ni nani anayekuja, kama analipa vizuri au ana maneno machafu. Wakimtaka, wanajitwika matenga yao ya kabichi na kukimbilia barabarani, maana anayewahi ndiye anayepakiwa. Kabichi ikilala siku mbili, utampa mbuzi. Sasa honi ya Abedi ililia kama mbuzi aliyebanwa na mlango. Wanawake waliisikia, wakacheka, wakaendelea kupalilia.

Abedi alilipeleka lori kwa Mzee Hozza, fundi wa pale njia panda. Mzee aliingia uvunguni, akakaa huko kitambo, akatoka na uso uliokunjamana.

"Injini nzuri," alisema. "Lakini breki zimekwisha, chuma kinasaga chuma. Na breki ya mkono ni pambo, waya wake umekatika. Kanunue vipuri, kisha uniachie gari siku tatu."

"Siku tatu, babu? Na msimu wa kabichi ndio huu?"

"Kabichi zitaota tena, mjukuu wangu."

Bi Zaina alitoa akiba ya mwisho iliyobaki kwenye fedha za ng'ombe. "Hizi ni za breki," alimwambia. "Usije ukanunua kitu kingine." Abedi akaapa, akashuka mjini.

Alikusudia breki, simsingizii. Lakini dukani ilikuwapo honi ya upepo, tarumbeta mbili zinazong'aa, milio saba, na mwenye duka akamruhusu aibonyeze. Mtaa mzima uligeuka. Abedi akafanya hesabu yake kichwani: honi italeta mzigo, na mzigo utaleta breki. Wala si hesabu ya mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Akainunua. Kilichobaki kikaishia kwenye taa za kijani, rangi ya bluu, na maandishi juu ya kioo cha mbele: DUA YA MAMA.

"Breki je?" mama yake aliuliza lori liliporudi linameremeta.

"Tayari, mama. Mzee Hozza mwenyewe kazipima."

Hakuuliza tena. Mama akishaambiwa na mwanawe, atamwuliza nani mwingine?

Na honi ile ilifanya kazi, jamani. Ilipolia kule juu, bonde lote liliacha majembe. Bi Zaina ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika barabarani siku zote, kitenge kimefungwa kiunoni, anawaambia wenzake, "Sikieni, mwanangu ananiita." Abedi naye aliusubiri wakati ule kuliko chakula. Kila lori lilipojaa alijiambia breki zitatengenezwa juma lijalo. Juma likifika, analiona turubai jipya au vioo vya pembeni vipana, na breki zinangoja tena. Alizoea kukanyaga pedali mara mbili ndipo gari likamate. Kisha mara tatu.

"Abedi, chuma hicho nakisikia hadi hapa," Mzee Hozza alimwita siku moja alipopita njia panda.

"Kesho, babu."

Kesho zake zilikuwa nyingi yule kijana.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi, mchana kweupe. Abedi alikuwa peke yake, amepakia viazi kutoka vijiji vya juu, na nafasi kidogo ameiacha nyuma kwa kabichi za mama yake. Alipouanza mteremko alikanyaga pedali, ikazama hadi sakafuni. Akakanyaga tena, na tena, hamna kitu. Akajaribu kurudisha gia ndogo, ikakataa, ikamlilia mkononi. Lori likaanza kukimbia.

Pale kabla ya kona upande wa mlima pana ukingo wa udongo mwekundu. Kila dereva wa huku anaujua. Breki zikikufia, unaliegemeza gari pale, linajisugua, linaumia, linasimama. Abedi aliuona. Alikuwa na muda, alikiri mwenyewe baadaye. Lakini aliiwaza rangi yake, na taa, na vile vioo vipana. Akajiambia: barabara ni nyeupe, nitapiga honi watu wapishe, gari litachoka lenyewe kule tambarare. Ukingo ukapita.

Akaikandamiza honi, milio yote saba, asiachie.

Ninyi mngefanya nini mngeisikia? Ndivyo walivyofanya na wao. Walisema, leo Abedi ana haraka, lori linakaribia kujaa. Wakajitwika matenga, wakakimbia kushuka barabarani. Abedi alipoikata kona aliwaona wanamiminika kutoka mashambani, na jinsi alivyozidi kubonyeza ndivyo walivyozidi kuja. Na mbele yao wote, katikati ya barabara, alisimama Bi Zaina, ameinua mkono, anatabasamu.

Ndipo alipougeuza usukani kuelekea mlimani. Lori liliuparamia mlima wenyewe, likasimama. Lakini ubavu wake wa nyuma ulikuwa umekwisha kumpitia mama yake.

Walimkuta amelala katikati ya kabichi zake, bado ana fahamu. Abedi alipiga magoti.

"Abedi," mama alisema polepole, "si uliniambia breki ziko tayari?"

"Nilipiga honi, mama."

"Niliisikia, mwanangu. Ndiyo maana nilikuja."

 Alikata roho kabla halijapatikana gari la kumpeleka hospitali, wakamzika siku ile ile kabla ya magharibi.

Siku tatu za matanga Abedi alikaa mkekani, na kila aliyeingia kumpa pole alimwambia lile lile: nilipiga honi, nilipiga tangu juu, niliipiga kwa nguvu zangu zote. Watu waliitikia kwa kichwa, wangefanya nini? Siku ya tatu aliingia Mzee Hozza, na Abedi akaanza tena. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, machozi yakimtoka.

"Abedi, mjukuu wangu," alisema, "honi haisimamishi gari."

 Abedi akajifunika kanzu usoni, na tangu hapo hakumwambia mtu tena kwamba alipiga honi. Hata mahakamani aliulizwa, akasema tu, "Breki zilikuwa mbovu, nami nilijua." Akafungwa, akatoka.

Alipotoka, lori liliuzwa chuma chakavu. Honi ilitoka nzima, haikupata hata mkwaruzo, na kijana mmoja wa kijiji cha juu akainunua na kuifunga kwenye gari lake. Kwa miaka miwili mizima ilipita hapa kila siku ya soko. Ilipolia, wanawake walibaki mashambani, na Abedi, popote alipokuwa, aliacha alichokishika, akasimama akiitazama barabara mpaka gari lipite.

Anayo nyumba pale juu ya kisima. Ni yule mzee mnayemcheka kwa sababu haitikii hodi ya kwanza; sasa mnajua kuitikia mwito kulimfanya nini mama yake. Methali ni yenu, isemeni, hasa mbele ya yule mwenyekiti. Ila mkipita karibu na kisima, msiitamke kwa sauti. Yule haihitaji. Yeye ndiye anayejua kuliko sote kwamba honi haisimamishi gari.