Digidigi na Neno Lisilo na Mkia

Nianze na kosa langu, watoto, maana hadithi hii siwezi kuisimulia huku nimelificha.

Nilipokuwa na umri kama wenu nilisoma chuoni kwa maalim mmoja mkali. Tulisoma kwa pamoja, sauti moja, na mimi nilikuwa nachezesha midomo tu. Sauti walitoa wenzangu. Nilifanya hivyo miaka miwili, na siku ya kuhitimu nikapewa kofia mpya, nikaivaa mbele za watu. Mwenyezi Mungu anajua kofia ile haikuwa haki yangu. Nimetubu.

Basi sikilizeni habari za mwingine aliyechezesha midomo.

Hapo kale, wanyama walipokuwa bado wanafagia nyua zao na kupelekana shule, palikuwa na mto mpana. Upande huu wa mto wanyama walisema Kiswahili. Ng'ambo walisema Kifaransa. Nani aliwagawia hivyo sijui, mimi sikusoma sana.

Huko ng'ambo kulikuwa na bonde la chumvi, na mwenyewe alikuwa Madamu Tembo. Kila mwaka mto ukipungua maji, wanyama wa upande huu walimtuma Fisi avuke akawaombee chumvi ya kulamba, kwa kuwa Fisi aliwahi kuishi kule. Fisi akaomba chumvi ya mji mzima, akalamba nusu njiani. Madamu Tembo aliposikia alikasirika. Akasema: tangu leo kila nyumba itaomba yenyewe, kwa kinywa chake, kwa Kifaransa. Asiyeweza hapati.

Nyumbani kwa Digidigi hapakuwa na wa kuomba. Baba alikuwa anajua maneno mawili matatu, lakini aliliwa na chui mwaka wa ukame. Mama alikuwa na mtoto mchanga, na kwa kukosa chumvi maziwa yake yalianza kukauka. Mtoto alilia mchana kutwa: nyee! nyee! nyee!

"Mwanangu," mama akaita.

"Abee, mama."

"Huko shule mmefika wapi?"

"Tumefika mbali, mama."

"Sikuulizi darasa. Nakuuliza wewe."

Digidigi akazitazama kwato zake.

Shule yenyewe ilikuwa ya Mwalimu Korongo. Alikuwa akiandika mchangani kwa mdomo wake mrefu, kra, kra, kra, na darasa lote likaitikia. Digidigi alikaa nyuma ya Nyati, kwa sababu aliyekaa nyuma ya Nyati haonekani, akachezesha midomo.

Siku moja Korongo akanyoosha shingo. "Wewe uliyejificha nyuma ya mlima! Simama! Nisalimie kwa Kifaransa."

Digidigi akasimama. "Bo... bonjuru, mwalimu."

Darasa likaangua kicheko, kwa kwa kwa! Nyati alicheka mpaka pembe zikagonga mti: ko!

"Si hivyo. Nishukuru."

"Merisi."

"Lo! Si hivyo! Kaa chini. La, usikae. Nenda nyumbani mpaka upate ulimi mwingine."

Ni nini hasa kilichokosewa, Korongo hakusema. Digidigi akatoka. Zilikuwa zimebaki siku thelathini mto upungue.

Akaenda kwanza kwa Kiboko. Huyu Kiboko mchana alilala mtoni na jioni alikwenda kula majani ng'ambo, kwa hiyo Kifaransa kilimjaa hadi masikioni.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema haraka, nimelala."

"Nakuomba unifundishe Kifaransa."

"Mimi?" Kiboko akafungua jicho moja. "Mimi nimekuwa mwalimu wa watoto? Toka hapa! Pfuuu!" Akapuliza maji, akazama.

Akamwendea Nyati. Nyati akamtazama tangu kwato hadi masikio, akaendelea kutafuna.

Digidigi akarudi kwa njia ya mtoni, amechoka, anajisemea mwenyewe. Si kwamba alikuwa na hila yoyote saa ile. Alikuwa anayarudia tu yale maneno yaliyomfukuzisha, kama mtu anavyoligusagusa jino bovu kwa ulimi. "Bonjuru," akasema. "Bonjuru, bonjuru."

Maji yakapasuka. Buuu!

"Nani huyo anayeniumiza masikio?" Kiboko akanguruma. "Hiyo *ru* umeitoa wapi? Neno halina mkia! Bonjuu! Likate hapo hapo! Bonjuu!"

"Bonjuu," Digidigi akasema.

"Basi! Ondoka na mikia yako!" Akazama.

Digidigi akabaki ukingoni ameinua mguu mmoja. Kumbe! Kuomba kuliambulia maji ya puani. Kukosea kumeambulia neno. Na neno lenyewe limekuja na sababu yake: ulimi wake wa Kiswahili ulikuwa unayatia maneno mkia, yale yasiyotaka mkia.

Kesho yake, jua la utosini, akapita tena. Digi, digi, digi, digi.

"Merisi!" akaliambia jiwe. "Merisi sana, bwana jiwe!"

"Mersi!" Kiboko akaibuka. "Mersi, mersi, mersi! Hiyo *ri* ya nini? Wee mtoto, umetumwa uniue?"

"Samahani, mzee. Mersi."

"Ee. Hivyo."

Siku ya tatu akalitukana neno la "tafadhali". Siku ya nne akalivunja "nipe". Kila siku alikuja na kosa jipya alilolitengeneza tangu asubuhi, na kila siku Kiboko alishindwa kulala. Na akitoka pale Digidigi hakukaa kimya. Aliisalimia miti ya miiba, bonjuu, bonjuu. Alimwimbia mdogo wake silvuple, silvuple, yaani tafadhali, mpaka mtoto akanyamaza kulia ili asikilize.

Siku ya kumi Kiboko akashtuka.

"Hebu kwanza. Mbona kila siku unakosea neno lingine? La jana hulikosei tena?"

"Mzee wangu," Digidigi akasema, masikio chini, "ujinga wangu ni mwingi, hauishi kwa siku moja."

"Hilo kweli," Kiboko akasema, akaridhika.

Lakini lilibaki neno lenyewe, neno la chumvi, ambalo Digidigi hakulijua hata aweze kulikosea. Akafikiri. Mchana huo Nyati alikuja kunywa maji, kama ilivyo desturi yake. Digidigi akamkimbilia.

"Kaka Nyati! Kaka Nyati! Eti Mzee Kiboko anasema Kifaransa chako ni cha mchangani, hujui hata kuomba chumvi!"

Kiboko hakuwa amesema hivyo. Hapo Digidigi alisema uongo, siwafichi.

"Mimi?" Nyati akapiga kwato, gu! "Mimi wa kwanza darasani! Chumvi ni *sali*. Dyu sali! Nililiona kwa macho yangu limeandikwa!"

"Sali?" Kiboko akatoka majini mzima mzima, tope linamdondoka, chwa, chwa. "Ulilisoma siku gani?"

"Siku ya upepo mkali."

"Basi umefundishwa na upepo! Upepo umekula herufi, umekubakizia makombo! Ni *sel*! Sel! Fyuu, kwisha!"

"Neno gani linakatika kama mkia wa mjusi? Neno la kiungwana lazima limalizike vizuri. Sali!"

"Sel, mpumbavu wewe!"

"Mpumbavu ni wewe, gogo la maji!"

Ikawa patashika. Wakatukanana kwa Kiswahili, Kiswahili kikawaishia, wakaingia Kifaransa. Wakasahihishana hata matusi. Wahenga walisema vita vya panzi, furaha ya kunguru. Digidigi alikuwa amelala kwenye majani marefu, masikio mawili wima, na mchana ule alisikia Kifaransa kingi kuliko muhula mzima wa Mwalimu Korongo.

Digidigi alimwamini nani? Alimwamini Kiboko. Nyati alikuwa anasoma kwa macho, Kiboko alikuwa anaishi kwa masikio.

Siku ikafika. Mto ukapungua, wanyama wakavuka kwa miguu, chubwi, chubwi, kila nyumba na mtu wake. Mama Digidigi hakuweza kuvuka. Alisimama upande huu na mtoto kifuani, na mtoto siku hiyo hakulia kabisa. Mama hakupenda kimya kile.

Madamu Tembo alikuwa mlangoni pa bonde, amejimwagia vumbi jekundu mwili mzima kama walivyo tembo. Mwalimu Korongo alisimama kando yake kuwa mkalimani.

Nyati hakungoja zamu. Akajisukuma mbele, akatoa kifua.

"Madamu! Sali!"

Ndugu zangu wadogo, kule kwa Wafaransa neno *sali* lipo, na maana yake ni aliyechafuka. Madamu Tembo akajitazama vumbi lake, akamtazama Nyati.

"Mwa? Mimi? Sali?"

"Wi, Madamu! Ndiyo! Sali, sali!" Nyati akasema, akifurahi kueleweka.

Mkonga ukaingia mtoni, ukatoka umejaa. Fuaaaa! Nyati akarudi nyuma anatiririka, hata hajui amekosa nini.

Wengine wakaomba, waliopata wakapata, waliokosa wakakosa. Ikafika zamu ya Digidigi. Mbele ya magoti ya Madamu Tembo alionekana kama uyoga.

"Bonjuu, Madamu," akasema. "Done mwa dyu sel, silvuple."

Yaani, nipe chumvi, tafadhali. Korongo akabaki mdomo wazi. Kiboko, aliyekuja kuombea nyumba yake, akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayesikia sauti anayoijua na haikumbuki ni ya nani.

Madamu Tembo akainama. "Purkwa?" akauliza. Kwa nini?

Swali hili Digidigi hakuwa amelitengenezea kosa lolote nyumbani. Alilielewa, ila la kujibu hakuwa nalo. Akaangalia ng'ambo. Mama bado amesimama, na mtoto bado yuko kimya. Angeweza kuchezesha midomo, kama zamani. Badala yake akafungua kinywa, yakatoka yaliyokuwamo.

"Mama... maziwa... fini!" Mama, maziwa, yamekwisha.

"Amekosa!" Nyati akapaza sauti, maji yanamtoka puani. "Ametia Kiswahili! Arudi!"

"Arudi! Arudi!" wakaitikia wale waliokosa.

Lakini Madamu Tembo, naye ni wale wale. Kosa lilikuwa limemwingia sikioni kama mdudu. "No, no, no! Pa maziwa! Le! Le le de mama e fini!" Yaani maziwa kwao ni *le*.

"Arudi!" Nyati akazidi.

"Mmesema nirudi?" Digidigi akauliza. "Haya."

Akageuka. Digi, digi, digi, akakimbia mpaka ukingoni pa mto. Wanyama wakampisha. Pale akageuka tena. Digi, digi, digi, huyo anakuja.

"Nimerudi," akasema.

Na kabla Nyati hajapata la kusema: "Madamu, le le de mama e fini. Done mwa dyu sel, silvuple."

Madamu Tembo alicheka mpaka vumbi likamwanguka. Akachota mkonga mzima wa chumvi, akamfungia kwenye jani la mgomba, na kabla ya kumpa akauliza swali moja. Korongo akalitafsiri, huku amejiweka sawa manyoya ya kifua: "Madamu anauliza, mwalimu wako ni nani?"

"Walimu wangu ni Mzee Kiboko na Kaka Nyati."

"Mimi?" Kiboko akaruka. "Mimi sijamfundisha hata neno moja!"

"Wala mimi!" Nyati akasema. "Lini?"

"Kila siku mchana," Digidigi akasema, "mlipokuwa mnanikemea na kubishana. Na mzee, nilikusingizia kwa Kaka Nyati ili mgombane. Uongo ule ulikuwa wangu. Mnisamehe."



Digidigi akaichukua chumvi yake. Hakungoja sherehe, maana kule ng'ambo palikuwa na mtoto asiyelia. Nami niwaambie mapema msije mkakosa usingizi: mama alilamba, maziwa yakarudi siku ya tatu, na mtoto akalia tena kwa nguvu, nyee! Majirani wote wakamshukuru Mungu kisha wakaziba masikio.

Siku ile ile, kabla Digidigi hajaingia majini kuvuka, Nyati alimfuata nyuma. Alikuja polepole, anaangalia pembeni, kama mtu anayepita tu.

"Wee, mdogo wangu," akanong'ona. "Lile neno la chumvi. Linaishaje?"

Digidigi akamtazama.

"Likosee kwanza, kaka," akasema. "Nami nitashindwa kunyamaza."

Fundisho ni hili: anayeogopa kuchekwa na watu hujifunza kimya, na kimya hakina lugha.

Nina ombi moja kwenu. Pale sokoni karibu na mashine ya kusaga kuna mama anayeuza mawese, ametoka ng'ambo, na Kifaransa anakijua. Kesho mkitumwa, mmoja wenu amsalimie kwa Kifaransa, hata vibaya.